Nyumba za Kupanga kwa Watu wa Mapato ya Wastani: Shida ya Kakamega na Hesabu Yake

Mtu apataye mshahara wa kila mwezi mjini Kakamega, awe mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti, askari polisi au fundi mwenye karakana yake, ana jambo moja la kumsumbua kila mwezi unapokwisha, nalo ni nyumba. Si kwamba nyumba hazipo. Zipo, na mpya zinazidi kujengwa, kutoka upande wa Lurambi mpaka barabara iendayo Kisumu. Taabu yake ni kwamba nyumba inayomtosha yeye na jamaa yake haiwezi, na ile anayoiweza haimtoshi.

Watu wa namna hii hawahesabiwi kuwa maskini, wala hakuna awaitaye matajiri. Wakienda benki kuomba mkopo wa kununua nyumba, mshahara wao huonekana mdogo. Wakitaka kuandikwa katika mipango ya kuwasaidia wasio na kitu, mshahara ule ule huonekana mkubwa. Kwa hiyo wengi wao hukaa katika chumba kimoja na watoto watatu, au hukaa mbali, Shinyalu, Khayega au Malava, na kulipa nauli ya matatu na bodaboda asubuhi na jioni. Ukijumlisha nauli hiyo kwa mwezi mzima utaona kwamba kodi waliyoikimbia mjini wameilipa njiani.

Katika nchi nyingi upo mpango uliotungwa kwa ajili ya watu hao, nao ni nyumba za kupanga za kodi nafuu. Maana yake ni nyumba ambazo kodi yake imewekwa makusudi chini ya ile ambayo soko lingetoza, wakapewa watu wenye kazi na mapato ya kutosha kulipa kila mwezi bila kuchelewa, lakini yasiyotosha kulipa bei ya soko. Hawapewi bure wala hawauziwi. Wanapanga, nao huondoka wanapotaka kuondoka. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, kwa nini huko nyuma katika Kenya lilianza vizuri likaharibika, na kwa nini linaifaa Kakamega kuliko miji mingine mingi.

MJI WA WAFANYAKAZI

Kakamega haikuanza kama mji wa biashara ya pwani au ya reli. Ilianza kama mji wa ofisi. Mwaka 1920 makao ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias yakaletwa hapa. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana katika sehemu hizi, na katika miezi michache wachimbaji wakafurika, wakapiga mahema na vibanda kando ya mito. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulidumu mpaka mwaka 1952 ulipofungwa, na jina lake limebaki kuwa jina la mtaa. Baada ya Uhuru mwaka 1963 Kakamega ikawa makao ya Mkoa wa Magharibi, na tangu mwaka 2013 ni makao ya Serikali ya Kaunti. Chuo kilichoanzishwa kwa harambee mwaka 1972 kimekua kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Kila hatua katika hizo imeleta watu wa mshahara. Ofisi huleta makarani, hospitali huleta wauguzi, na chuo kikuu huleta waalimu wake pamoja na maelfu ya wanafunzi. Wanafunzi hao ndio waliobadili ujenzi wa mji kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Mwenye ploti karibu na chuo akijenga nyumba mbili za jamaa atapata kodi mbili. Akijenga katika ploti ile ile vyumba vidogo sita au saba, atapata kodi sita au saba, na jumla yake itapita zile mbili kwa mbali. Basi hujenga vyumba. Hapana wa kumlaumu, kwa kuwa fedha ni zake na hasara ingekuwa yake. Lakini ndiyo sababu mtu mwenye mke na watoto akizunguka Lurambi na Kefinco ataonyeshwa bedsita nyingi, na nyumba ya vyumba viwili vya kulala ataitafuta kwa siku kadhaa.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kakamega ina watu 1,867,579, nao ni zaidi ya 600 katika kila kilomita moja ya mraba. Kwa kaunti ambayo sehemu yake kubwa ni mashamba, hao ni watu wengi mno. Ardhi iliyouzunguka mji si pori tupu linalongoja kujengwa. Ni mashamba ya watu, yamekatwakatwa kati ya ndugu na ndugu, na kila kipande kina mwenyewe.

NYUMBA YA MJINI NA NYUMBA YA NYUMBANI

Liko jambo ambalo wapangaji wa mipango ya nyumba, hasa wale wanaokaa Nairobi, hulipita haraka. Mluhya aliyeajiriwa mjini huulizwa kwanza na wazee wake kama amejenga nyumbani. Kijana hujengewa au hujijengea simba katika boma la baba yake, na akishaoa hutazamiwa kuinua nyumba ya kudumu. Huko ndiko atakakopokea wageni wa arusi na wa matanga, na huko ndiko atakakozikwa. Nyumba nzuri aliyoinunua mjini haimwondolei deni hilo hata kidogo.

Mwalimu wa Kakamega, basi, ana nyumba mbili za kufikiri. Akilazimika kuinunua ile ya mjini kwa malipo ya miaka ishirini na tano, ile ya nyumbani itangoja mpaka astaafu. Akipata kupanga mjini kwa kodi asiyoumia nayo, kila mwaka ataongeza kitu nyumbani, mwaka huu msingi na mwaka ujao mabati. Kwa mtu huyo, kupanga ni njia aliyoichagua kwa akili, na hakumaanishi kwamba ameshindwa kununua.

Tena wafanyakazi wa serikali huhamishwa. Mwaka 2018 Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wakuu wengi kutoka wilaya za kwao wakapelekwa mbali. Polisi huhamishwa mara kwa mara, na wauguzi vile vile. Aliyenunua nyumba Kakamega kisha akapelekwa Garissa huwa na deni mahali asipokaa na kodi ya kulipa mahali anapokaa.

Haki ni kusema pia habari ya upande wa pili. Wako vijana ambao ardhi ya baba zao imekwisha kugawanywa mpaka haigawanyiki tena. Kwao hakuna mahali pa kuinua nyumba, na kununua mjini ndilo tumaini lao. Hao nao wana haki yao. Lakini mpango unaowauzia wote nyumba, bila ya kuacha hata sehemu moja kwa kupangisha, unawaacha nje wale wa kwanza, nao ni wengi.

KODI HUTOKA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba kodi hupandishwa na tamaa ya wenye nyumba. Tamaa ipo, kama ilivyo katika kila biashara, lakini sehemu kubwa ya kodi ni hesabu tu, na anayetaka kuipunguza hana budi kujua hesabu hiyo.

Tuchukue mfano. Tuseme nyumba yenye sebule, vyumba viwili vya kulala, jiko, choo na bafu inagharimu shilingi 1,800,000 kuijenga, na sehemu yake ya ploti ni shilingi 200,000. Jumla ni 2,000,000. Mwenye nyumba akizikopa fedha zote kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka, azilipe kwa miaka 20, atalipa benki karibu shilingi 23,400 kila mwezi. Aweke shilingi 2,000 kwa matengenezo na ushuru wa ploti. Ili asipate hasara itambidi atoze shilingi 25,400, naye hajala hata senti moja ya faida.

Kipimo kinachotumiwa katika nchi nyingi, nacho kimo katika sheria ya Kenya pia, ni kwamba makazi yasimgharimu mtu zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake. Kwa kipimo hicho, mpangaji wa nyumba ya shilingi 25,400 yafaa awe na mapato ya kama shilingi 85,000 kwa mwezi. Waalimu na wauguzi wengi hawayafikii hayo.

Sasa tuanze kupunguza. Ardhi ikitolewa na kaunti bila malipo, malipo ya mkopo yatashuka kuwa karibu 21,100, na kodi itakuwa 23,100. Nafuu hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Viongozi hupenda kutangaza kwamba wametoa ardhi ya bure, lakini katika hesabu hii ardhi imepunguza shilingi 2,300 tu. Riba ikishushwa kutoka asilimia 13 hadi 5, mkopo ukibaki wa miaka 20, malipo yatashuka kuwa karibu 11,900, na kodi 13,900. Hapo mzigo umeondoka kweli kweli. Muda wa kulipa ukirefushwa kuwa miaka 30, malipo yatakuwa karibu 9,700, na kodi 11,700. Kodi hiyo aweza kuilipa mtu mwenye shilingi 39,000 kwa mwezi, bila ya kupita kile kipimo cha asilimia 30.

Nyumba ni ile ile. Matofali, mabati na saruji havikubadilika. Kilichobadilika ni bei ya fedha na muda wa kuzirudisha. Riba iliyopunguzwa haikufutika hewani. Imebebwa na mwingine, yaani hazina ya serikali au mfuko wa umma. Kwa hiyo swali la nyumba za kodi nafuu hurudi daima pale pale: ni nani atakayekopesha fedha kwa riba ndogo na kwa miaka mingi, na je, atazilinda fedha hizo zisiliwe?

Pengine msomaji atauliza mbona wenye nyumba wa Kakamega hawatozi 25,400. Jibu ni kwamba wengi hawakopi fedha zote kwa mara moja. Hujenga kidogo kidogo, kwa malipo ya kustaafu, kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kwa mavuno ya miwa. Jengo huanza mwaka huu likakwisha baada ya miaka sita. Kodi yake huwa nafuu kwa sababu mwenyewe hakulipa riba kubwa, lakini ujenzi wa namna hiyo huenda polepole, nao huelekea kwenye vyumba vidogo vinavyorudisha fedha upesi.

NYUMBA ZA BARAZA LA MJI

Jambo la serikali kujenga na kupangisha si geni katika Kenya. Zamani Waafrika wa mjini walihesabiwa kuwa wanaume wasio na wake, na nafasi ya mtu ilikuwa kitanda kimoja katika chumba cha watu kadhaa. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilieleza kwamba mishahara ilikuwa imekadiriwa kwa mtu mmoja asiye na jamaa, ikashauri ipandishwe imtoshe mtu na mkewe na watoto wake. Mwaka mmoja kabla yake, 1953, sheria ya nyumba ilikuwa imekwisha kuunda Bodi Kuu ya Nyumba, ambayo kazi yake ilikuwa kukopesha mabaraza ya miji fedha za kujengea. Katika miaka hiyo ndipo Nairobi ilipopata mitaa ya Ofafa, iliyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa.

Baada ya Uhuru, wajumbe wawili wa Umoja wa Mataifa, Bloomberg na Abrams, waliletwa kuchunguza hali ya nyumba nchini. Serikali ikatoa waraka wa siasa ya nyumba wa mwaka 1966/67, ikasema kwamba nyumba ya mjini isipungue vyumba viwili, pamoja na jiko lake na choo chake. Mwaka 1967 ile Bodi Kuu ikageuzwa kuwa Shirika la Taifa la Nyumba. Shirika likakopesha mabaraza, na mabaraza yakajenga. Nyumba za mtaa wa Amalemba katika Kakamega ni za ukoo huo: nyumba za baraza la mji, zikapangishwa kwa watu wa kazi, kisha zikarithiwa na Serikali ya Kaunti.

Mpango ulikuwa mzuri, lakini kasoro yake moja ilikuwa kubwa. Kodi iliyowekwa siku ya kwanza haikupandishwa kwa wakati. Diwani anayetaka kuchaguliwa tena hapendi kuwapandishia wapangaji kodi, nao wapangaji hawamwombi afanye hivyo. Mwaka ukapita, na kumi, na ishirini. Bei ya saruji na mabati ikapanda mara nyingi, na kodi ikabaki pale pale. Fedha za matengenezo zikakosekana, mabomba yakapasuka, paa zikavuja, na baraza likawa halina la kufanya ila kutazama.

Wakati huo nyumba zile zilizidi kuwa na thamani kwa aliyezishika. Katika mitaa ya zamani ya Nairobi kama Kaloleni na Jericho ilikuwa ni habari ya kila siku kwamba aliyeandikwa katika kitabu cha baraza haishi humo. Amepangisha mtu mwingine kwa bei ya soko, naye analipa baraza kodi ya zamani, na tofauti anaitia mfukoni. Mwingine amemwachia mwanawe nyumba kama urithi, na mwingine amejenga vibanda vya mabati uani akavipangisha pia. Nafuu iliyokusudiwa kwa mfanyakazi ikawa mapato ya mtu wa kati, na mfanyakazi mpya aliyefika mjini akalipa bei ile ile ya soko kana kwamba nyumba za baraza hazikujengwa kamwe.

Sheria ya kuzuia kodi, iliyo Sura ya 296, ilikuwa na udhaifu wa namna hiyo hiyo. Iliwekewa kikomo cha shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi ya msingi ikahesabiwa kwa kutazama ile iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981. Katika mwaka ule shilingi 2,500 zilipanga nyumba ya mtu mwenye cheo. Fedha ikapungua thamani, kikomo hakikuguswa, na ulinzi wa sheria ukawaacha kidogo kidogo watu wa mapato ya wastani mpaka ukabaki kwa vyumba vya chini kabisa. Kiwango cha fedha kinachoandikwa katika sheria bila ya njia ya kukitazama upya hufa chenyewe, bila ya mtu kukiua.

SHERIA YA MWAKA 2024

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha. Katiba hiyo hiyo imezipa kaunti kazi ya mipango ya maendeleo, na makazi yamo ndani yake. Lakini haki iliyoandikwa haina matofali, na kwa miaka mingi fedha hazikuonekana.

Mwaka 2023 Bunge liliweka ushuru wa nyumba katika mishahara. Mwezi wa Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba ushuru huo, jinsi ulivyowekwa, haukupatana na Katiba. Sheria mpya ya Nyumba za Bei Nafuu ikatungwa, ikatiwa sahihi mwezi wa Machi 2024. Kwa sheria hiyo mfanyakazi hutoa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Mtu wa shilingi 39,000 hukatwa shilingi 585 kila mwezi, na mwajiri wake huongeza 585. Kwa mwaka mmoja, kwa jina la mtu huyo mmoja, zimeingia shilingi 14,040.

Sheria imewagawa watu kwa mapato. Apataye chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ametengewa nyumba za jamii. Wa kutoka 20,000 mpaka 149,000 ametengewa nyumba za bei nafuu. Aliyepita hapo amewekwa katika fungu lake. Tena sheria inaeleza maana ya nyumba ya bei nafuu: ni ile inayofaa, ambayo kuipanga au kuipata hakumgharimu mtu zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake kwa mwezi.

Neno kupanga, basi, limo. Lakini kwa vitendo mpango umeelekea kuuza. Mtu hujiandikisha, huweka akiba ya sehemu ya bei, hupewa nyumba ikipatikana, kisha huilipa kwa miaka mingi mpaka iwe yake. Hata mahali palipokuwa na nyumba za kupanga pamekuwa na za kuuza. Mtaa wa Buxton katika Mombasa, uliokuwa wa nyumba za kaunti za kupangisha, ulianza kubomolewa mwaka 2021 ili zijengwe nyumba za kuuzwa. Mwalimu wa Kakamega asiyetaka kununua mjini, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu, hukatwa shilingi 585 kama mwenzake anayetaka. Yeye anaongojea si hati ya nyumba, na kwa hiyo mpango haujui umpe nini.

Malalamiko hayo si ya uvivu wala ya kupinga maendeleo. Mtu aliyelipa ana haki ya kuuliza.

NANI AINGIE, NANI ATOKE

Kama kaunti ingeamua kutenga sehemu ya nyumba ziwe za kupangisha kwa kodi nafuu, kazi ngumu isingekuwa ujenzi. Ingekuwa ni kitabu cha wapangaji.

Kuingia ni rahisi kiasi: mapato yaonyeshwe, jamaa wahesabiwe, na majina yachaguliwe hadharani kwa kura badala ya barua za siri. Swali gumu ni la kutoka. Karani aliyeingia na mshahara wa shilingi 40,000 akapanda cheo mpaka 120,000, je, afukuzwe? Katika mji wa Vienna, huko Austria, walikataa kufanya hivyo. Vienna ilianza mwaka 1923 kutoza kodi maalum ya kujengea nyumba, mzigo mkubwa ukiwaangukia wenye majumba ya fahari, na kufikia mwaka 1934 mji ulikuwa umejenga nyumba zaidi ya 60,000 za kupangisha. Haukuziuza. Kipimo cha mapato hutazamwa wakati wa kuingia, na aliyekwisha kuingia haondolewi kwa kuwa amefanikiwa. Sababu waitoayo ni kwamba mtaa wenye mwalimu, dereva na mhasibu pamoja hutunzwa vizuri kuliko mtaa wa maskini watupu. Wanaoupinga mpango huo husema kwamba aliyetajirika anakalia nafasi ya mwingine. Pande zote mbili zina kweli yao.

Kwa Kakamega, ambako nyumba zingekuwa chache mno kwa kuanzia, njia ya Vienna peke yake isingefaa. Lililo la haki zaidi ni mpangaji abaki, lakini kodi yake ipande kadiri mapato yake yanavyopanda, mpaka ifikie bei ya soko. Hapo nafuu huisha yenyewe bila ya askari kuja kutoa vyombo nje. Yule mwenye 120,000 akilipa bei ya soko katika nyumba ya umma, tofauti yake itasaidia kutengeneza paa la jirani.

Kodi yenyewe ipangwe tangu siku ya kwanza kwamba itatazamwa upya kila baada ya miaka miwili, na iandikwe hivyo katika mkataba, ili asiwepo diwani wa kulaumiwa wala wa kusifiwa kwa jambo hilo. Zile shilingi 2,000 za matengenezo katika mfano wetu zitiwe katika akaunti ya peke yake. Mapato ya kodi yakichanganywa na fedha nyingine za kaunti, mishahara huyameza kabla ya fundi wa bomba kuitwa. Na mpangaji aliyepangisha mwingine apoteze nyumba. Kwa kosa hilo huruma haifai, maana anayeumia ni mtu asiyeonekana, yule aliye katika orodha akingoja zamu yake.

Wengine husema kwamba kaunti haiwezi kazi ya kuwa mwenye nyumba, na kwamba yaliyotokea katika nyumba za zamani za mabaraza ni ushahidi wa kutosha. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nyumba hizo hazikuharibiwa na upangishaji wenyewe. Ziliharibiwa na kodi isiyosogea na kitabu kisichokaguliwa, na mambo hayo mawili yanaweza kurekebishwa na watu wa kawaida wenye kalamu na karatasi. Kazi hiyo pia inaweza kupewa chama cha ushirika au shirika lisilogawana faida, kaunti ikibaki na ardhi na haki ya kukagua.

Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, kila kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya matumizi kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo mara nyingi hujaa maneno ya barabara, maji na zahanati, nayo ni mambo ya lazima. Waalimu na wauguzi huwa kazini siku hizo. Lakini maoni hupokelewa kwa maandishi pia, na yakiandikwa na chama cha wafanyakazi, yakieleza ni watu wangapi wanataka kupanga na wangapi wanataka kununua, na kila mmoja anaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, karani wa Bunge la Kaunti hulazimika kuyapokea na kuyaweka katika kumbukumbu.